Mzee Kadi na Mafaili ya Utepe wa Njano

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika masjala ya hospitali yetu, karani mkuu tunayemwita Mzee Kadi anastaafu. Alikuwa amebakiza miaka miwili, lakini ameomba kuondoka mapema. Sababu nitaieleza, kwa ruhusa yake.

Alianza kwa kusukuma toroli la mafaili. Jamani, alikuwa mkali! Ukirudisha faili kwenye rafu isiyo yake, unasikia kikohozi nyuma yako, unajua umekwisha. Wiki yangu ya kwanza nililia. Wiki ya pili aliniletea chai, akaiweka mezani.

Jina la Kadi lilikuja hivi. Wanawake waliopunguzwa tumbo kwa upasuaji ili wapungue uzito, mafaili yao yana utepe wa njano. Miaka kumi na miwili iliyopita Mzee aliona ajabu: mafaili hayo, yaliyolala rafuni muda mrefu, yakaanza kuitwa na wodi ya mifupa. Huyu kavunjika mkono, yule nyonga, na wengine hata miaka hamsini hawajafika. Akaandika orodha, akampelekea daktari. Daktari akacheka, akauliza tangu lini karani akasoma eksirei. Mzee akamjibu kwamba eksirei haijui, ila faili lililopotea njia analijua.

Kumbe kweli. Tumbo likishapunguzwa, chakula kinachoingia ni kidogo na mwili haunyonyi madini ipasavyo. Bila vidonge vya kalsiamu na vitamini maisha yote, mifupa inaliwa polepole, wala haiumi. Kina mama walipungua, wakasifiwa, wakajiona wazima, wakaacha kliniki. Ndipo Mzee akaanza kadi, moja kwa kila mwanamke, na kila mwaka akawapigia simu: vidonge vipo? Mayai na maharage unakula? Mifupa umepima?

Mume mmoja alikuja dirishani kwetu amefura, anamtaka huyo mwanamume anayemuuliza mkewe kama amekula. Mzee alimkaribisha ndani, akamwonyesha kadi. Siku hizi mume huyo ndiye anayetupigia kutukumbusha tarehe.

Wanawake mia mbili na sita wana kadi. Mmoja hakuwa nayo.

Kwetu masjala ni mwiko kushika faili la ndugu yako. Dada yake Mzee, fundi cherehani aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alifanyiwa upasuaji huohuo miaka kumi na mitano iliyopita. Faili lake nililishika mimi. Mzee aliamini nimemwandikia kadi na kwamba mimi ndiye ninayempigia kila mwaka. Mimi niliamini ndugu wa tumbo moja hahitaji kadi ili amkumbuke dada yake.

Mwezi wa pili mwaka huu Dada aliinuka kwenye cherehani, akaanguka palepale, nyonga ikavunjika. Vidonge alikuwa ameviacha miaka minane iliyopita, kwa kuwa alijiona mzima. Mfupa hautaki kuunga, na madaktari wanasema huenda asitembee tena. Kila Jumapili Mzee alikula naye meza moja, wala hakuwahi kumuuliza. Mganga hajigangi, alituambia, kisha akageukia rafu. Nilisubiri kikohozi chake. Hakikuja. Inaniuma mpaka leo.

Sasa anakwenda kumuuguza aliyemlea. Jana alinikabidhi sanduku la kadi. Juu kabisa nilikuwa nimeweka ya mia mbili na saba, ya Dada, niliyoiandika kwa kuchelewa. Aliisoma yote, akakata namba ya simu ya dada yake, akaandika yake mwenyewe.

Mzee wetu, umetufundisha kazi, na wapo kina mama wanaotembea leo kwa sababu uliwapigia. Ahsante. Nenda ukapumzike, Mungu awape nguvu wewe na Dada, na nyumba yenu iwe na heri. Tarehe tisa mwezi ujao, siku niliyoiandika kwenye kadi hiyo, simu yako ikiita asubuhi, pokea. Ni mimi, naulizia vidonge vya Dada.