Gaudens Rwechungura, Bwana Majimoto, na Mti Wake

Wapendwa waombolezaji, huyu tunayemlaza leo hapa Mtunda alizaliwa tarehe 14 Agosti 1947, Kamachumu, Bukoba, mtoto wa nne wa mzee Petro na mama Anastazia. Shule ya msingi alisomea hukohuko.

Mwaka 1968 aliingia chuo cha kilimo. Huko alikuta vitabu vya zamani vyenye picha za wadudu: mdudu mmoja katikati ya karatasi, peke yake, kama mtu aliyepigwa picha polisi. Gaudens aliona si haki. Mkulima atamjuaje mdudu asiye na mti? Akaanza kuchora za kwake, kwa wino na rangi ya maji, kila mdudu juu ya mmea anaoula au anaoulinda.

Mwaka 1971 aliletwa Kibiti kuwa bwana shamba. Wiki ya kwanza tu alisimama chini ya mkorosho, anachora. Binti wa mganga wa zahanati akampigia kelele, "Kaka, ondoka hapo, majimoto!"

Akajibu kwa adabu, "Asante dada, nimeshaoga."

Hakujua kwamba majimoto ni wale chungu wekundu wanaoshona majani. Alicheza ngoma ambayo Kibiti haijaiona tena. Binti huyo ni mimi, Marsela, ninayewasomea. Tulifunga ndoa tarehe 12 Juni 1976.

Wakulima wa hapa Mtunda walitaka kuwachoma majimoto kwa sababu waliwauma msimu wa korosho. Mzee Abdalah alimwuliza, "Bwana shamba, wakuume wewe, na uwatetee wewe?" Gaudens hakubishana. Alitoa picha: majimoto kamkamata mbu wa mikorosho, yule anayekausha machipukizi, juu ya tawi lenyewe. Mzee alitazama weee, akasema, "Kumbe huyu mgambo!" Hawakuchomwa, na jina la Bwana Majimoto likamganda. Alichora picha mia moja na nane. Za mwanzo zimefifia, lakini wadudu bado wanajulikana.

Mwaka 2021 kiharusi kilimshika mkono wa kulia. Katika picha ya mwisho majimoto alimmaliza, jani likamshinda. Jani nililichora mimi mkewe, niliyeishia darasa la pili. Wanaosema limepinda hawajui kwamba siku hiyo kulikuwa na upepo.

Desemba iliyopita mdogo wake, Deogratias, alikuja kumchukua. "Kaka, utazikwa ugenini? Twende nyumbani." Ulimi wa marehemu ulikuwa mzito. Akaagiza ile picha ya mwisho, akaweka kidole kwenye jani. "Mdudu," alisema polepole, "huchorwa kwenye mti anakoishi. Si kwenye mti alikotagwa."

Shemeji alicheka, kisha akalia. Leo ndiye aliyepiga jembe la kwanza kwenye kaburi hili, chini ya mkorosho.

Marehemu alifariki nyumbani kwake tarehe 3 Machi 2025, saa nne asubuhi, dirisha likiwa wazi upande wa shambani.

Ameacha mjane, watoto wawili, Shedrack na Elinipendo, wajukuu saba, na mikorosho arobaini na mitatu yenye walinzi wake.

Apumzike kwa amani, kwenye mti wake.

Na ninyi mliosimama chini ya tawi lile la kushoto, sogeeni. Majimoto!