Neno la Packie kwa Nduguye

Sikilizeni wanangu, Ojera na wewe Ayot, sogezeni viti, pumzi yangu ni fupi. Mmeingia hapa mkanisalimu mimi, hamkusalimiana. Mwaka wa tatu huu, kwa ajili ya nyumba hii ya Kyambogo. Wagombanapo ndugu, chukua jembe ukalime, lakini ninyi mmenifanya nilime msimu baada ya msimu na mavuno siyaoni.

Mnajua kwamba baba yenu Odoch alipouawa, masista walinipeleka Ayalandi kusomea uuguzi, nikawaacha kwa nyanya yenu Kitgum. Kilichonipata katika kijiji cha Derrymoyle, nilikopelekwa kuuguza wagonjwa, sikuwahi kuwaambia. Nyumba arobaini, kanisa, na duka moja lililouza misumari upande huu na pombe upande ule. Kando ya barabara zilisimama kuta zisizo na paa, za watu waliokufa kwa njaa au kupanda meli viazi vilipooza shambani, enzi za babu wa babu zao, na hakuna aliyethubutu kuchukua hata jiwe moja pale, hata awe anajenga zizi. Siku za kukata udongo mweusi wa kinamasi, ule wanaoukausha wakauchoma badala ya kuni, walikwenda wote, leo kwa huyu, kesho kwa yule, nami nikibeba birika la chai, nikajiona niko kwetu Acholi siku ya kulimiana.

Walikuwapo wazee wawili, Packie na Dinny, ndugu wa tumbo moja. Baba yao alikufa bila kusema shamba ni la nani, wakanyamaziana miaka ishirini na sita, ukuta kwa ukuta. Packie alipougua, nilitumwa kumuuguza. Kila asubuhi nilikuta mlangoni kikapu cha udongo wa kuchoma. Dinny alikileta, akaenda zake bila kubisha hodi. Alfajiri moja Packie akanishika mkono: "Nesi, niitie Dinny. Shamba alichukue, mimi namtaka yeye." Nje ilinyesha mvua ya mawe. Nikamwambia, "Ngoja ipungue kidogo." Ngojangoja huumiza matumbo: Packie alikata roho mvua haijakatika.

Kijiji kizima kikaja matangani, wakaleta mikate, wakamkamulia ng'ombe wake. Dinny akanivuta pembeni. "Aliniulizia?" Nami kwa kuogopa lawama nikasema, "Hapana." Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekwisha kujua. Mwaka haukuisha, tukamzika naye. Neno lile lilikuwa lake, wanangu, nikamnyima. Limenikaa kifuani miaka zaidi ya arobaini, hata padri sijamwambia.

Basi mimi sitakufa kama baba yao. Nyumba hii ni ya Ayot, aliyenigeuza kitandani hapa miaka minne. Shamba la Kitgum ni lako, Ojera, pamoja na kaburi la baba yako, na mnilaze ubavuni pake. Usinung'unike. Nawe Ayot, usimfungie kaka yako geti. Karatasi ziko kwa jirani yetu Zuleika; Mnubi yule hajui kuficha neno, na leo namwonea wivu.

Maji... kidogo tu. Ojera, mkono wako uko wapi? Na wako, Ayot. Mungu awape wazee wa kuwakemea na watoto wa kuwazika. Nawabariki wawili kwa pumzi moja, maana ya pili... sina hakika nayo.

Sasa semeni. Si na mimi. Ninyi. Macho nimefumba, lakini nasikia.