Marehemu Amekuja Mwenyewe

Serikali ya shirikisho hainunulii mtu kahawa. Ndiyo maana katika jengo la pensheni pale Omaha kulikuwa na klabu ya kahawa: wanachama wanachanga wenyewe, wanasafisha birika kwa zamu, na asiyechanga hanywi. Wiki mbili zilizopita ulikuja waraka kwamba birika linakula umeme wa umma, litolewe. Basi klabu ikahamia nje, kwenye benchi la saruji mbele ya mlango wa wafanyakazi, kahawa ikawa inapikwa nyumbani na kuletwa kwenye chupa ya chai. Wiki hiyo zamu ilikuwa ya Verlene Kubicek. Kazi yake kwa miaka ishirini na sita ilikuwa moja tu: kompyuta ikimwandika mstaafu kuwa amekufa kumbe yu hai, Verlene humpigia simu, huhakikisha, humrudisha. Wenzake walishambatiza Mama Uhai. Asubuhi hiyo mfukoni mwa koti lake mlikuwa na karatasi ya kusaini kabla ya saa sita mchana: aondoke mwenyewe na mshahara wa miezi mitano, au asubiri kufukuzwa mikono mitupu. Kila alipoigusa, hasira zilimpanda upya.

— Usisaini, alisema Stempu. Jina lake hasa ni Duane Hruska, mtu wa manunuzi. Hata kalamu haikuingia jengo lile bila muhuri wake. — Wakitaka kukutoa, waje wakubebe.

— Rahisi kusema, Duane. Wewe hujapewa karatasi.

— Nitapewa. Kama hakuna cha kununua, nitagonga muhuri wapi? Kwenye paji la uso?

Wa tatu wao, Terrell Gaines, fundi wa kompyuta anayeitwa Waya, alikuwa anajimiminia.

— Chanzo mnakijua, alisema. — Ni ile programu mpya ya kusoma barua. Imesema kazi ya Mama Uhai inaiweza.

— Hiyo nimenunua mimi, Stempu akakiri, na sauti ikamshuka. — Hela zilibaki. Na hela ya Septemba mnaijua, mwaka wa serikali unaisha, usipoimaliza mwakani wanakupunguzia. Mkubwa akaniambia nunua chochote, ila kiwe kikubwa.

— Yaani mimi nafukuzwa kwa sababu ya chenji?

— Chenji ya serikali, Mama Uhai. Hiyo unaweza kujengea daraja.

— Sasa nisikilizeni, alisema Waya. — Programu mpya haipatani na mashine ya zamani kule chini. Ile ya chini imenizidi umri. Mpya inauliza, ya zamani inanuna. Mpya ikinuniwa, inaandika amekufa.

— Acha fiksi, alisema Stempu.

— Nimeona kwa macho yangu! Tena ya zamani inafanya makusudi. Imejaa, inataka nafasi, inatafuta mwenye jina refu inamzika. Mwezi jana waliokufa wote walikuwa Wapolandi.

— Walikuwa wawili, alisema Verlene. — Na mmoja nilimkuta anakaanga mayai. Swali langu la kwanza huwa ni hilo, umekula nini leo. Hakuna kompyuta iliyowahi kumuuliza mtu hivyo.

— Nyie mnahangaika na mashine, Stempu akadakia. — Mimi mkurugenzi mpya ndiye simwelewi. Nani amewahi kumwona?

— Si tulimwona kwenye skrini? Waya akauliza.

— Haswaa! Kwenye skrini! Shati lilelile la bluu kila siku. Siku ya kwanza nikampelekea runza ya moto, ule mkate wa kwetu uliojaa nyama na kabichi. Ikarudi kama ilivyokwenda. Mtu gani Nebraska hii anarudisha runza?

— Labda hatoki Nebraska.

— Hatoki popote! Yule nilimnunua Septemba. Alikuja kwenye boksi moja na programu.

Verlene alicheka bila kutaka.

— Basi mrudishe dukani. Si una risiti?

— Kurudisha kunahitaji saini yake.

Kicheko kikaisha upesi. Kilichomkera Verlene hakikuwa mshahara peke yake. Wakubwa walimwambia aeleze kazi yake kwa mistari mitano, naye akaandika mmoja, kwamba anawarudisha watu. Hakuna aliyemuuliza anawarudisha vipi.

Ilikuwa imeshapita saa sita kasorobo alipotokea mzee mmoja mwenye kofia ya mkulima, bahasha mkononi, akitembea taratibu kutoka upande wa mlango mkuu.

— Samahanini, wanangu. Naitwa Orval Lindquist, nimetoka Wahoo kwa basi. Hii barua inampa mke wangu pole kwa kifo changu. Mke wangu mwenyewe nilimzika mwaka juzi.

— Pole, mzee, alisema Waya.

— Pensheni imekatwa, huu ni mwezi wa tatu sipati. Pale mbele kuna kioo cha kubonyeza namba. Nikibonyeza yangu, kinasema mwenyewe ni marehemu, mlango haufunguki. Na kwenye simu nimeambiwa kitengo kinachohusika kinafungwa leo. Sasa nauliza tu. Mtu akiwa hai, anamwambia nani?

Verlene aliinua chupa ya chai na kuitikisa. Kilibaki kikombe kimoja. Akakimimina, akampa mzee.

— Si mwanachama, Stempu alinong'ona, kwa mazoea tu.

— Nyamaza, Duane. Mpishe akae.

Verlene alitoa kalamu. Karatasi hakuwa nayo, ila ile moja. Akaitoa mfukoni, akaigeuza nyuma, akailaza juu ya paja.

— Jina lako kamili, mzee. Polepole. Na tarehe ya kuzaliwa.

Mzee akataja, yeye akaandika.

— Mama Uhai, alisema Waya akiangalia simu yake, — imebaki dakika mbili kufika saa sita.

— Nasikia. Mzee Orval, umekula nini leo?

— Uji wa shayiri, mama. Ulikuwa umepoa.

Verlene aliandika hilo pia. Chini yake akaandika kwamba amemwona kwa macho yake, yu hai, anakunywa kahawa. Kisha akaweka saini yake, kubwa, upande huohuo wa nyuma wa karatasi.

— Nimesaini, aliwaambia. Akamshika mzee mkono, akatoa kadi yake ya kazi ya kufungulia mlango. — Twende juu. Wakitaka kunitoa, watatutoa wote wawili.