Mkia wa Kitana

Benchi la Kaloleni, kule nyuma ya ukumbi, lina kasoro moja: wa huku akiinuka ghafla, wa kule anakwenda chini. Jioni hiyo lilikuwa na watu watatu. Wabwire fundi redio, aitwaye Profesa na hakuna anayejua alisomea wapi. Burale mwenye birika la kahawa ya tangawizi, aliyejipa mwenyewe cheo cha Waziri. Na Ochola wa reli, wanayemwita Stesheni, ambaye leo roho ilikuwa juu. Mkewe Rispa huenda kazini kabla hakujakucha, kwa hivyo anayemsuka binti yao Jacklyne ni Ochola, mlango umefungwa, pazia limeshushwa. Kesho mtoto anacheza ngoma shuleni na jioni hii anamngoja baba. Kijiwe kikijua, Ochola atalazimika kuhamia mtaa mwingine, hata Mowlem.

Sasa Profesa na simu yake. Tangazo la mafuta ya nywele: baba kamweka bintiye katikati ya magoti, anasuka, anachekelea.

— Oneni maajabu. Mwanaume na kitana.

— Huyo amelipwa, Waziri akasema.

— Hata alipwe. Vidole vya mwanaume ni vya spana, buda. Ukivizoesha nywele vinalainika. Baada ya mwezi huwezi kufungua soda.

— Soda ni kitu kidogo. Kuna msee pale Kariokor alisaidia bibi kushona wigi. Ndevu zikakataa kumea upande mmoja.

— Upande gani?

— Ule bibi alikuwa amekaa.

Ochola akajikuta anapapasa kidevu.

— Na sauti inapanda, Profesa akazidi. Kwaya wanakutoa kwa besi wanakupeleka kwa akina mama. Unaanza kulia ukiona vipindi vya mapenzi.

— Mimi hulia nikiona mpira.

— Hiyo ni uanaume, Waziri. Hiyo ni sawa kabisa.

Ochola alikuwa ameapa kunyamaza, amalize kikombe, ajiendee zake. Lakini Profesa akamsukumia ile simu usoni, na yule baba wa tangazo akagawa nywele za mtoto vibaya, vibaya kupindukia, hata Ochola wa watu akashindwa kuvumilia.

— Mstari umepinda, akasema. Hapo nyuma ya sikio. Na anamvuta, ona mtoto alivyofinya macho, huyo leo halali. Unapaka mafuta kwanza, halafu unagawa na mkia wa kitana, polepole, kuanzia kwa paji.

Birika likabaki hewani.

— Stesheni, Waziri akauliza kwa upole wa polisi, mambo ya mkia wa kitana umejulia wapi?

Uongo ulikuwa tayari mdomoni: ameona kwa Rispa. Akamkumbuka Jacklyne ameketi kwenye kigoda, na ule uongo ukamchukiza.

— Namsuka msichana wangu, akasema. Kila wiki.

Wacha wacheke. Waziri alimwaga kahawa, Profesa akajipiga mapaja hadi machozi yakamtoka. Masikio ya Ochola yaliwaka moto. Ndipo akafika Anab, mpangaji mgeni, na chupa yake ya kujaziwa kahawa.

— Mama, huyu mzee anasuka nywele, Profesa akamshtakia.

Anab akamtazama Ochola, akawageukia wale wawili.

— Na nyinyi mna wasichana?

— Mimi watatu, Profesa akasema kwa maringo.

— Mimi wawili, Waziri akasema.

— Wakisukwa huwa wanaumia wapi? Wangu Iqra ni hapa kisogoni. Wenu je?

Waziri akachungulia ndani ya birika. Profesa akajipapasa kichwa.

— Kichwani, akasema.

Hata yeye mwenyewe hakucheka.

— Wangu ni juu ya sikio la kushoto, Ochola akasema. Hapo napaacha mpaka mwisho, na huwa namwimbia. Samahani, mama, ananingoja.

Akainuka. Benchi likafanya kazi yake, Profesa akaenda chini, pwaa, kikombe mkononi. Ochola hakugeuka. Alikuwa amefika kwenye kona ya ukumbi aliposikia sauti kutoka mavumbini, ndogo, ya mtu anayetafuta namna ya kuuliza.

— Stesheni. Huo mkia, unashikwa na mkono gani?