Mtoto Aliyelala Isukuti Ikilia

Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Kaunti, Daktari msimamizi, Chifu wetu, wachungaji, ndugu wageni waalikwa, na wazazi wenzangu mliofika na watoto mgongoni: hamjambo?

Mimi ni Risper, mama Nekesa. Nimeombwa niseme machache tunapofungua chumba hiki cha kupima masikio ya watoto hapa Khayega. Baba mkwe wangu, Mzee Osiako, yule pale mwenye kofia, ameniruhusu nisimulie mambo ya bomani kwake kwa sharti moja: nisimtaje fahali wake vibaya. Baba, nimesikia.

Nekesa alipokuwa mchanga, kila siku ya kupiganisha mafahali, ngoma za isukuti zilipita mlangoni pamoja na filimbi na vuvuzela, naye akalala fofofo. Boma zima lilijivuna! "Huyu ni mpole," Baba alitangaza mpaka sokoni. "Hashtukangi ovyo." Nani kati yetu hajawahi kumsifu mtoto kwa kutosumbua?

Kisha nesi Cheptoo akatutembelea. Alipotaja kupima masikio, Baba alifoka: "Mjukuu wangu si mgonjwa! Ametulia tu." Cheptoo hakubishana. Aliazima isukuti, akasimama nyuma ya mtoto, akaipiga kwa nguvu zake zote. Kuku waliruka, fahali akakata kamba (samahani, Baba, hiyo haihesabiki), na Nekesa akaendelea kulamba kijiko chake cha uji. Baba mwenyewe alisema twende hospitali. Mimi nililia, maana niliogopa kwamba mwanangu hataniita mama kamwe.

Vipimo vya hospitali vilithibitisha kwamba hasikii. Lakini kwa kuwa tuliwahi, mwalimu wa lugha ya ishara alianza kuja nyumbani kabla mtoto hajatembea, akatufundisha sote. Mzee mwenye sauti kubwa kuliko wote Khayega aliketi akikunja vidole vilivyozoea jembe, mjukuu akimsahihisha. Nami nikaitwa mama, kwa mikono midogo iliyojaa uji.

Hivi majuzi, kwenye uwanja wa mafahali, lilitokea jambo nisiloruhusiwa kulitaja. Wanaume walimfariji Baba: "Ni jua lilimuingia macho." "Ni nyasi iliteleza." Nekesa akamvuta koti, akamwambia kwa ishara: "Babu, ng'ombe wako ameogopa. Ametoroka." Baba alicheka mpaka akashika mbavu. "Risper," akaniambia, "kwa hii boma, ni huyu tu ananiambianga ukweli."

Wazazi, mtoto akilala isukuti ikilia, msimsifu kwanza. Mleteni hapa.

Baba, ahadi nimeitimiza: mimi sijasema, amesema Nekesa. Wageni wetu, asanteni kwa kunisikiliza. Na wewe mwanangu, uliyenifuata kwa mikono ya mkalimani, asante kwa kunitazama. Sasa mwache Babu apumzike. Sote tumeona unachomwambia tena kwa ishara.