Mama Matope, Aliyeikana Ripoti Yake Mwenyewe

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1952, kifungua mimba wa baba seremala na mama mkunga. Mimi ni kitinda mimba, ndiyo maana nimetumwa kusoma wasifu huu. Kutumwa nilizoea tangu enzi zake.

Shuleni alipenda jiografia, na mwaka 1976 alihitimu chuo kikuu. Kazi yake ilikuwa kutoa matope chini ya ziwa kwa mirija mirefu ya chuma, kisha kuyasoma tabaka kwa tabaka. Chavua ya miti ilimwonyesha zama za mvua, chumvi ikamwonyesha ukame wa kale. Majirani walimwita Mama Matope, naye akaitika.

Tarehe 14 Agosti 1981 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi redio. Siku moja friji ya maabara iliharibika. Shemeji akarudi nyumbani akakuta nyama na maziwa mezani, matope ndani ya friji, akauliza kama na yeye ahamie uani. Dada akamjibu kwa upole kwamba nyama ipo sokoni, bali matope yale yalichukua miaka elfu tisa kujikusanya. Jioni ile walikula mboga.

Mwaka 1998 aliandika kwamba ziwa letu halijawahi kukauka. Mji ukaitegemea ripoti hiyo, ukaahirisha visima. Miaka kumi baadaye, akikaribia kustaafu, alitoa matope mengine akakuta tabaka gumu lenye mizizi ya nyasi za nchi kavu. Akakumbuka kipande kilichomeguka ambacho yeye mwenyewe aliagiza kikatwe kwenye mrija wa kwanza, akidhani ni uchafu ulioporomoka kutoka juu. Wenzake walimshauri anyamaze, alinde jina lake. Alituambia wazi kwamba anaogopa. Hata hivyo alisimama mbele ya wakuu wa mji.

“Ziwa hili liliwahi kukauka,” alisema. “Ushahidi niliutupa mimi. Chimbeni visima.”

Wapo waliomcheka, wapo waliomkasirikia. Visima vikachimbwa.

Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua, na ziwa nalo likaanza kurudi nyuma. Siku yake ya mwisho hospitalini alimuuliza bintiye kama maji yanatoka. Binti akafungua bomba la wodini, linalopata maji ya visima vile, ili mama asikie. Akasikiliza kidogo, akamwambia afunge, asiyapoteze. Alifariki asubuhi hiyo, tarehe 3 Juni 2024.

Ameacha mume, binti, wajukuu wawili, nasi wadogo zake. Tunamlilia. Mungu ampumzishe kwa amani dada yetu, aliyekubali kuaibika ili sisi tusife kiu.