Siku Niliyoingia kwa Baba Mkwe

Mugonile, akina mama! Ndaga, ndaga, asanteni. Na ninyi akina baba wawili mliojibana kule ukutani, sogeeni mbele, leo sitaji mtu. Hata mume wangu wa zamani simtaji jina, maana ana ndugu zake wanakuja kununua samaki hapa hapa, waacheni wanunue kwa amani.

Mwenyekiti wa mkutano huu kaniambia niseme machache. Mimi! Shule niliishia darasa la pili, mdomo ndio uliendelea na masomo. Chekeni tu. Lakini ndugu zangu, nawaambia, kuna miaka huu mdomo haukuwa na wa kuongea naye. Kutwa nzima sauti yangu naisikia nikifukuza kuku kwenye mpunga niliouanika. "Shii! Toka!" Basi. Hayo ndiyo mazungumzo yangu ya siku.

Mnanijua, mimi mtoto wa ziwani. Mama alifinyanga, shangazi zangu walifinyanga, sisi watoto tunakanyaga udongo huku tunasengenya watu. Kazi ya vyungu haifanywi kimya. Ndipo nikaolewa kule upande wa Talatala, kwenye mpunga na kokoa. Bwana mzuri, mrefu, msafi, kanisani anaimba besi. Ukimwona barabarani unasema huyu mkewe ana bahati.

Kofi la kwanza lilikuja kwa sababu ya chumvi. La pili, chumvi ilikuwa sawa. Hapo nikajua chumvi haikuwa na kesi.

Halafu akaanza kunipunguzia watu. Jirani niliyekuwa natwanga naye, akasema yule ana maneno, asije tena. Kwaya, usiende. Kwenda kwetu? "Kuna nini ziwani, samaki? Nitakununulia." Nikasema basi nifinyange kachungu kadogo nyuma ya nyumba, mikono ipate cha kufanya. Akakapiga teke kabla hakajakauka. Binti yangu alinipa simu, ikaanguka kisimani. Yeye alisema imeanguka. Mabinti wakaolewa mbali, tukabaki wawili. Wawili kwa kuhesabu, mama zangu. Mimi nilikuwa peke yangu kuliko mtu anayelala mmoja.

Nilimwambia mzee mmoja wa kanisa. Akanijibu, "Mama, ndoa ni kuvumilia." Nikavumilia mpaka jino likatoka. Hili pengo hapa, si uzee.

Sasa vijana, sikilizeni, hapa hamtaelewa nisipoeleza. Kule nilikoolewa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hamsalimiani, hamtazamani, njiani hampishani. Akija yeye, mimi naingia kwenye migomba, nageuza uso, najifunika kanga mpaka apite. Jina lake silitamki hata kwenye maombi, namwambia Mungu, "Yule unayemjua." Siku hizi wengi wameiacha mila hiyo, lakini mzee yule aliishika. Na alikuwa muungwana. Akikaribia kwetu anakohoa kwanza, koho, koho, nipate nafasi ya kujificha. Miaka yote ile namjua kwa kikohozi.

Nyumba yake ilikuwa hapo tu, ng'ambo ya migomba. Mkewe alishafariki, alibaki na paka. Kila nikipigwa anasikia, atakosaje kusikia? Nikajiambia, ananyamaza, kumbe anakubali. Na kila nikikimbia, nafika mgomba wa mwisho, naona uwanja wake umefagiliwa, miguu inagoma. Nitaingiaje kwa baba mkwe? Tukitazamana je? Aibu hiyo nitaipeleka wapi? Nageuka, narudi. Jamani! Nilirudi kwenye kipigo kwa kuogopa aibu. Unatikisa kichwa, mama? Tikisa. Na wewe una mgomba wako wa mwisho.

Basi siku ile, mchana jua kali, watu wote wako shamba. Siku zote mume wangu alikuwa akinipiga anafoka, mpaka mate. Siku hiyo hakufoka. Aliegemeza baiskeli vizuri. Akavua shati lake la kanisani, akalitundika. Akachomoa panga la kokoa kwenye dari, akasema polepole kama mtu anayeomba maji, "Leo tunamaliza."

Ndugu zangu, mtu anayefoka bado anaongea na wewe. Yule alikuwa amekwisha kuongea.

Nilikimbia. Mgomba wa mwisho sikuuona hata ulivyopita. Nikaingia ndani kwa baba mkwe kama kuku aliyefukuzwa na mwewe, nikajitupa chini, uso ukutani, kanga kichwani. Nikasikia kigoda kinaburuzwa. Na yeye kageukia ukuta wake! Tukapeana mgongo, mzee na mkamwana. Halafu nikamsikia anaongea.

"Wewe paka. Mwambie mgeni wetu asitoke humu."

Chekeni, chekeni! Mlitaka aseme na nani? Na mimi sijui akili ilitoka wapi, nikasema, "Paka, mwambie mzee, anakuja na panga."

"Paka, mwambie nimesikia. Mwambie nasikia kila siku. Mwanangu nimemkanya, hanijali. Kwake siwezi kuingia, mkwe yumo. Nilikuwa namngoja aje yeye."

Hee! Nililia, sikulia hivyo hata siku za kipigo. Yaani mimi nasimama kwenye migomba naogopa kuingia, yeye anakaa ndani ananingoja niingie. Miaka. Katikati yetu hatua ambazo mtoto anakimbia kwa pumzi moja.

Mume wangu akafika. Mzee akanyanyuka, nikasikia fimbo yake, ko, ko, mpaka mlangoni. Mzee mwenyewe upepo ungemwangusha.

"Baba, nipishe."

"Hupiti."

"Ni mke wangu huyo!"

"Kwako ni mke. Hapa ni mgeni wangu. Vuka hapa na hilo panga, halafu siku nikifa usinizike. Usishike hata udongo."

Mimi nahesabu nyufa za ukuta. Kwetu mnajua, neno kama hilo likitoka kwa mzazi, halifutiki. Nikasikia nyayo zinarudi. Polepole, lakini zinarudi.

Mzee akaita dada yake nyumba ya jirani, kwa sauti ambayo sikujua anayo. Shangazi huyo wa mume wangu akaja anahema, akasema, "Mwanangu, twende sasa hivi kabla hajapoa, maana akipoa ataomba msamaha, na wewe utasamehe." Mama yule alijua! Mzee akatangulia na fimbo yake mpaka barabarani, sisi nyuma. Sikumtazama. Nilitazama visigino vyake tu, vimepasuka kama udongo wa kiangazi. Shangazi akanipakia bodaboda, na yeye nyuma yangu kanishika kiuno, mpaka Kyela mjini, polisi, kwenye dawati la jinsia.

Nilidhani watanifokea. Nikamkuta askari binti, umri wa mwanangu wa mwisho. Akasema, "Mama, kaa. Kunywa chai kwanza." Akaandika, akanipeleka hospitali, hakuniuliza hata mara moja nilimkosea nini mume wangu. Hata mara moja!

Nikarudi hapa ziwani. Mnadhani nilifurahi? Nilimkumbuka. Ndiyo, msinitazame hivyo, nilimkumbuka. Jioni nasikia mtu anaimba besi, moyo unaruka. Wengine humu, nawaona, mlinicheka mkasema kaachika na mvi. Nimewasamehe, leteni mpunga wa faini. Akatuma wazee, akatuma kitenge, akatuma habari kwamba anaumwa. Yule askari binti alishanionya: usikubali kuonana naye peke yako, hata akilia, hata akisema dakika moja. Alipokuja tulionana uwanjani kwa kaka yangu, watu wamejaa, mchana. Akalia. Na mimi nikalia. Akaenda zake, sikumfuata.

Baba mkwe amekwisha kupumzika. Msibani nilikwenda na mabinti zangu wote, wamenizunguka. Watu wanapita kumuaga, wananiambia tazama, mama, mila za zamani hizo, sasa amekufa. Nikapita nimeinamisha kichwa. Uso wa mtu aliyeniokoa siujui mpaka leo. Nikampita kimya, ndiyo heshima niliyokuwa nayo ya kumpa.

Ndaga fijo, shangazi yangu, uko hai na unasikia. Ndaga, binti askari. Ndaga, kaka, ulinipa chumba na hukuniuliza nitakaa mpaka lini. Na ninyi wafinyanzi mlionirudisha kwenye udongo, mkaniacha nimalize kulia ndipo mkaanza kunitania.

Fundisho sina la kitabuni. Nasema tu, chagua mapema mahali pa kukimbilia, mwambie mtu mmoja huyo leo, usingoje siku ya panga. Weka kwake kanga mbili na nauli. Kimbia mchana ukiweza. Na usimpimie mtu moyo kwa ukimya wake. Gonga kwanza, akikataa gonga kwingine.

Mimi nyumba yangu mnaijua, ile ya mwisho kabla ya mchanga, yenye vyungu vilivyovunjika mlangoni. Jioni nakaa humo mwenyewe, na sitawadanganya, jioni ni ndefu. Basi ukija, hata usiku wa manane, hata kama una dawa ya kidonda mdomoni huwezi kuongea, ingia tu. Sitakuuliza kitu. Nitapika wali, nitaongea mimi.